MWANGA NI NUSU YA KIPIMO
Jinsi lenzi na taa ya hadubini zinavyofungwa katika zahanati ya kijiji

Bila shaka umewahi kufika zahanati ukiwa na homa. Mganga alikuchoma kidole, akachukua tone la damu, akalipaka juu ya kipande cha kioo. Kisha alikuambia, "Kaa pale nje, subiri majibu." Ukakaa kwenye benchi. Kupitia dirishani ulimwona ameinamia chombo chenye shingo. Mara anageuza kioo. Mara anasogeza meza karibu na dirisha. Mara anawasha taa, anazima, anawasha tena. Pengine ulisema moyoni, "Huyu kijana anachezea nini, nami naumwa?"

Hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta mwanga. Bila mwanga mzuri, chombo kile hudanganya. Na kikidanganya, anayeumia ni wewe au mtoto wako.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nina umri wa miaka 26, na nimesomea cheti. Leo nitakueleza jinsi chombo kile kinavyofanya kazi, jinsi lenzi zake na taa yake zinavyofungwa, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Soma polepole. Kama kuna jirani asiyejua kusoma, msomee.

HADUBINI NI NINI?

Chombo hicho huitwa hadubini. Watu wengine hukiita darubini. Lakini darubini ni chombo cha kuonea vitu vilivyo mbali, kama mwezi na nyota. Hadubini ni chombo cha kuonea vitu vidogo sana, ambavyo macho yetu peke yake hayawezi kuviona.

Vidogo kiasi gani? Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama nafasi kati ya mistari miwili midogo. Nafasi hiyo ni milimita 1. Sasa, damu yako ni nyekundu kwa sababu ina chembe nyekundu nyingi sana. Ukizipanga chembe hizo mstari mmoja, zaidi ya 120 zitaenea ndani ya ile milimita 1. Na kimelea cha malaria huingia na kuishi ndani ya chembe moja kama hiyo. Ndiyo maana hata mtu mwenye macho makali hawezi kukiona bila hadubini.

Zamani watu walidhani malaria hutokana na hewa chafu ya mabwawa. Hata jina lenyewe, malaria, kwa Kiitaliano lina maana ya hewa mbaya. Lakini mwezi Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa kazini nchini Algeria, aliitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini. Akaona vimelea vikitikisika. Mwaka 1882, huko Ujerumani, Robert Koch alitangaza kwamba ameviona vijidudu vya kifua kikuu. Kabla ya hapo maadui hawa walikuwa wanaua watu bila kuonekana.

Siku hizi zahanati nyingi hupima malaria kwa kipimo cha haraka, kile kijiplastiki chenye mistari. Ni kipimo kizuri. Basi hadubini ni ya nini? Kwanza, kipimo cha haraka husema ndiyo au hapana, lakini hakihesabu vimelea. Hadubini huhesabu. Pili, mtu aliyekwisha kupona anaweza bado kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa katika aina nyingi za kipimo hicho. Hadubini huonyesha kama vimelea bado vipo. Tatu, kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi mayai ya minyoo kwenye choo, wala mayai ya kichocho kwenye mkojo. Na nne, vipimo vya haraka huweza kuisha stoo. Siku hiyo hadubini ndiyo jicho pekee lililobaki.

SEHEMU ZA HADUBINI

Tuanze juu, tushuke chini.

Juu kabisa kuna lenzi ya jicho. Hapo ndipo mganga anapoweka jicho lake.

Chini ya shingo kuna gurudumu dogo linalozunguka. Gurudumu hilo hushika lenzi nyingine, mara nyingi 3 au 4. Tuziite lenzi za chini, kwa sababu ndizo zinazokaribiana na damu.

Chini ya lenzi kuna meza ndogo yenye tundu katikati. Juu ya meza hiyo huwekwa kipande cha kioo chenye damu, mkojo au choo. Kipande hicho huitwa slaidi.

Chini ya meza kuna kikusanya mwanga. Kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye slaidi. Kikusanya mwanga kina kilango kinachofunguka na kufungwa, kama mboni ya jicho la paka.

Chini kabisa kuna kioo cha kugeuza mwanga, au taa.

Kwa hiyo safari ya mwanga ni hii: unatoka kwenye taa, unapita kwenye kikusanya mwanga, unapenya slaidi, unapita lenzi ya chini, unapanda shingoni, unapita lenzi ya jicho, unaingia jichoni mwa mganga. Njia hiyo inatakiwa iwe wima na iliyonyooka. Ikipinda mahali pamoja tu, picha inaharibika.

Sasa tufanye hesabu. Lenzi ya jicho mara nyingi hukuza mara 10. Lenzi za chini hukuza mara 4, mara 10, mara 40 na mara 100. Ukitaka kujua jumla, zidisha:

10 × 4 = 40
10 × 10 = 100
10 × 40 = 400
10 × 100 = 1000

Mayai ya kichocho ni makubwa kuliko chembe za damu. Lenzi ya 10 inatosha kuyatafuta, na lenzi ya 40 kuyatazama vizuri. Lakini vimelea vya malaria huhitaji lenzi ya 100. Hapo kila kitu kinaonekana kimekuzwa mara 1000.

JINSI YA KUFUNGA LENZI

Kila lenzi ya chini ina shingo yenye mistari ya skrubu, kama shingo ya chupa ya soda ya plastiki. Gurudumu lina matundu yenye mistari kama kifuniko cha chupa hiyo. Mwaka 1858, chama cha wataalamu wa hadubini cha London kilipanga kipimo kimoja cha skrubu hizo, chenye upana wa milimita 20 na kidogo. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Kwa hiyo lenzi ya kiwanda kimoja mara nyingi huingia kwenye hadubini ya kiwanda kingine.

Lakini angalia! Kuingia si kufaa. Lenzi nyingine zimeandikwa namba 160 ubavuni. Nyingine zina alama kama namba 8 iliyolala. Hizo ni aina mbili tofauti. Lenzi ya aina moja haifai kwenye hadubini ya aina ya pili, hata kama skrubu zake zinaingia. Ni sawa na viatu. Kiatu cha kaka yako kinaweza kuingia mguuni mwako, lakini ukienda nacho shambani kitakuumiza.

Sisi waganga tunapofunga lenzi tunafuata hatua hizi:

1. Tunanawa mikono na kuikausha. Tunatandika kitambaa safi mezani.

2. Tunashusha meza ya hadubini ili kupata nafasi.

3. Tunashika lenzi kwa ubavu, bila kugusa kioo chake. Mafuta ya kidole yakigusa kioo, huleta ukungu.

4. Tunaisimamisha lenzi wima chini ya tundu. Kwanza tunaizungusha kinyumenyume taratibu, mpaka tuisikie imekaa mahali pake. Ndipo tunaizungusha mbele kuifunga. Hivyo mistari ya skrubu haikatani.

5. Tunakaza kwa vidole tu. Koleo haliruhusiwi.

6. Tunapanga lenzi kutoka ndogo kwenda kubwa: 4, 10, 40, 100.

7. Tundu lisilo na lenzi tunalifunika kwa kifuniko chake. Likiachwa wazi, vumbi huingia na kuangukia ndani.

Wakati wa kubadilisha lenzi, tunashika gurudumu lenyewe. Hatuvuti lenzi. Ukivuta lenzi kila siku, italegea na kuinama, na njia ya mwanga itapinda.

Lenzi ya 100 ina desturi yake. Hiyo hukaribia slaidi sana, chini ya robo ya milimita. Kati yake na slaidi tunaweka tone la mafuta maalumu. Kwa nini mafuta? Tumbukiza fimbo ndani ya ndoo ya maji. Utaiona kama imevunjika pale inapoingia majini. Haijavunjika. Mwanga ndio uliopinda. Vivyo hivyo mwanga hupinda unapotoka kwenye kioo na kuingia hewani. Mafuta yale maalumu hupitisha mwanga sawasawa na kioo, basi mwanga unapita bila kupinda na mwingi unaingia kwenye lenzi. Mafuta ya kupikia hayawekwi. Na lenzi nyingine, ya 4, ya 10 na ya 40 ya kawaida, haziwekwi mafuta kabisa. Baada ya kazi, mafuta hufutwa kwa karatasi laini ya lenzi, si kwa upindo wa shati.

MWANGA UNATOKA WAPI?

Zahanati nyingi za vijijini zilianza na hadubini ya kioo. Kioo hicho kina pande mbili. Upande mmoja ni bapa. Upande wa pili una kishimo kama kijiko. Hadubini yenye kikusanya mwanga hutumia upande bapa. Isiyo nacho hutumia upande wa kishimo.

Kioo huelekezwa kwenye anga jeupe, kupitia dirishani. Kamwe hakielekezwi kwenye jua lenyewe. Mwanga wa jua ukipita ndani ya lenzi zile ukaingia jichoni, unaweza kuunguza jicho na kulipofusha. Watoto mliokuja na wazazi zahanati, sikieni: msiguse kioo hicho.

Kioo hakihitaji betri. Lakini kina tatizo lake. Siku ya mawingu mazito, mwanga ni hafifu. Usiku haupo kabisa. Na homa za watoto hazichagui saa.

Ndiyo maana sasa zahanati nyingi hupachika taa mahali pa kioo. Kioo kinachomolewa, na kifaa chenye taa kinaingizwa. Kifaa hicho huitwa adapta ya taa. Adapta za siku hizi hutumia taa za LED, zile zile ndogo zilizomo kwenye tochi za kisasa. Hazitoi joto jingi, hudumu muda mrefu, na hula umeme kidogo. Betri ya sola inatosha kuziwasha.

Lakini adapta isipofungwa vizuri, ni afadhali kioo. Sasa nitakueleza nilivyojifunza jambo hilo.

KOSA LANGU

Kijiji chetu kilichanga fedha, tukanunua adapta ya taa. Mimi ndiye niliyetumwa dukani. Sikuchukua vipimo. Nilidhani hadubini zote ni sawa. Nilipofika nyumbani nikakuta shina la adapta ni jembamba kuliko tundu la hadubini yetu. Adapta ilikuwa inachezacheza kama jembe lililolegea mpini.

Sikurudi dukani. Duka ni mbali na nauli ilikuwa imekwisha. Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungushia lile shina, nikalishindilia. Taa ikawaka. Ukiitazama kwa mbali, uliona mwanga mweupe na mzuri. Watu walifurahi. Mimi pia nilifurahi.

Ilikuwa masika. Wiki ile vipimo vya haraka vilikuwa vimeisha. Siku moja asubuhi alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, umri wa miaka 4. Mtoto alikuwa na homa. Nje mvua ilikuwa inanyesha na foleni ilikuwa ndefu. Nikatoa damu, nikaipaka, nikaitia rangi, nikaikausha, nikaiweka chini ya lenzi ya 100.

Upande mmoja wa duara niliuona mweupe. Upande wa pili ulikuwa na kijivu, kama chumba chenye dirisha moja. Taa nayo ilikuwa inafifia, kwa sababu betri ilikuwa imechoka. Jioni iliyopita watu 11 walikuwa wamechaji simu zao zahanati. Mimi ndiye niliyewaruhusu. Simu ya 12 ilikuwa yangu.

Tumefundishwa kwamba kabla ya kuandika "hakuna," lazima utazame nafasi zisizopungua 100 kwenye damu nzito. Nilizihesabu zote 100. Lakini katika kila nafasi niliona nusu tu. Nikaandika: Hakuna vimelea. Nikampa mtoto dawa ya kushusha homa. Nikamwambia bibi, "Damu yake ni safi."

Baada ya siku 2 yule bibi alirudi. Safari hii alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba mwanangu," lakini hakukaa kwenye benchi. Akasema, "Ulisema damu yake ni safi. Mbona anawaka moto, na kila anachokunywa anakitapika?"

Sikuwa na jibu. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka. Ile slaidi ya kwanza nilikuwa bado nimeihifadhi. Nikang'oa adapta na mpira wake. Nikarudisha kioo cha zamani, nikakielekeza kwenye anga jeupe. Nikaweka slaidi ile ile, chini ya lenzi ile ile, nikatazama kwa macho yale yale.

Vimelea vilikuwa vimejaa. Vilionekana kama pete ndogo za buluu zilizokatika, kila moja na nukta yake nyekundu. Sikuhitaji nafasi 100. Niliviona katika nafasi ya kwanza.

Nilimpa mtoto dawa ya kwanza ya rufaa, tukampakia kwenye pikipiki pamoja na bibi yake hadi kituo cha afya. Alilazwa. Damu yake ilikuwa imepungua. Namshukuru Mungu, baada ya wiki moja alirudi nyumbani mzima. Lakini angeweza kutorudi. Nilikwenda nyumbani kwa yule bibi, nikamweleza ukweli wote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Na hiyo taa sasa umeitengeneza?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii.

JINSI YA KUPACHIKA TAA VIZURI

Naam, tumeitengeneza. Hivi ndivyo tulivyofanya, na hivi ndivyo kamati ya zahanati yoyote ifanye.

Kabla ya kununua, pima. Pima upana wa tundu la kioo kwa rula au kwa kipimo cha fundi. Pima urefu kutoka chini mpaka kwenye kikusanya mwanga. Andika jina la kiwanda na namba ya hadubini. Soma volti za betri, mara nyingi 12. Soma volti zinazotakiwa na adapta. Zisipolingana, taa itaungua au haitawaka. Chukua karatasi hiyo dukani. Kama inawezekana, chukua na kile kioo ulichokichomoa, ulinganishe mashina. Sisi tuliirudisha ile ya kwanza, tukaongeza fedha, tukapata yenye shina la kipimo chetu.

Baada ya kununua, ipachike hivi:

1. Chomoa kioo. Kifunge kwenye kitambaa na ukitunze. Usikitupe. Siku betri ikifa, kioo kitakuokoa.

2. Ingiza shina la adapta mpaka mwisho. Isicheze hata kidogo. Kama ina skrubu ya kubana, ibane kwa vidole.

3. Weka lenzi ya 10. Washa taa. Weka slaidi yenye damu iliyotiwa rangi, itazame mpaka ionekane vizuri.

4. Pandisha kikusanya mwanga karibu na slaidi. Kama adapta yako ina kilango chake juu ya taa, kifunge kiwe kidogo. Utaona kiduara cha mwanga. Kama adapta haina kilango, weka juu ya taa karatasi ngumu yenye tundu dogo katikati.

5. Tazama kiduara kile. Kikiwa pembeni, sogeza taa au skrubu za kikusanya mwanga mpaka kikae katikati kabisa. Kisha fungua kilango, au ondoa karatasi.

6. Sasa tazama duara lote. Juu, chini, kushoto na kulia, mwanga uwe sawa. Kama upande mmoja ni kijivu, bado hujamaliza. Rudia.

7. Jaribu kwa slaidi ya zamani ambayo majibu yake yanajulikana. Ukiona kile ambacho kinajulikana kipo, taa yako inasema kweli.

Jambo la mwisho juu ya mwanga: mwingi si mzuri kila mara. Kwa damu iliyotiwa rangi na lenzi ya 100, tunapandisha kikusanya mwanga na kufungua kilango. Lakini mkojo na choo havitiwi rangi nyingi. Mayai humo yanapitisha mwanga kama maji. Mwanga ukiwa mkali, mayai hupotea machoni. Hapo tunafunga kilango kidogo, na yai la kichocho cha mkojo linajitokeza, na mwiba wake mdogo mwishoni.

Ipo pia adapta ya aina nyingine. Hiyo haikai chini mahali pa kioo. Hufungwa kwenye gurudumu, mahali pa lenzi, na hutoa mwanga wa buluu. Hutumika kwa makohozi yaliyotiwa rangi maalumu. Vijidudu vya kifua kikuu hung'aa katika giza kama vimulimuli. Mtazamaji hutumia lenzi ndogo zaidi, huona eneo kubwa kwa mara moja, na humaliza slaidi mapema. Mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupendekeza hadubini za mwanga wa LED kwa kazi hiyo. Baadaye zimekuja pia mashine nyingine za kupima makohozi zenye uwezo mkubwa zaidi. Lakini skrubu ya adapta hiyo ni ile ile niliyoieleza. Hufungwa wima, kwa vidole, bila koleo.

HESABU YA SIMU NA TAA

Watu wengi huuliza, "Kuchaji simu moja zahanati kuna ubaya gani?" Tufanye hesabu.

Tuseme taa ya LED ya hadubini inakula wati 3. Ikiwaka saa 5 kwa siku:
3 × 5 = 15

Betri ya simu kubwa ya kisasa hubeba kiasi kama hicho hicho, yaani karibu 15. Maana yake, simu 1 inakula umeme wa hadubini wa siku nzima. Simu 10 zinakula umeme wa siku 10.

Jioni ile simu zetu zilikuwa 12, kubwa na ndogo. Sasa umejua kwa nini taa ilififia. Betri ya zahanati si ya simu. Si ya simu yako, na si ya simu yangu.

WEWE UFANYE NINI?

Ndugu msomaji, wewe hutafunga lenzi wala taa. Hiyo ni kazi yetu. Lakini yapo mambo unayoweza kuyafanya.

1. Mpe mganga muda. Kutazama damu vizuri huchukua dakika nyingi. Anayekupa majibu upesi mno huenda hajatazama.

2. Usisimame dirishani mwa chumba cha hadubini. Unaziba mwanga.

3. Usiombe kuchaji simu kwenye betri ya zahanati. Mganga akikubali, mkumbushe hesabu ya hapo juu.

4. Futeni vumbi kwenye bamba la sola. Kateni matawi yanayolitia kivuli.

5. Katika mkutano wa kijiji, uliza: Hadubini yetu ina taa? Ina kioo cha akiba? Kifuniko cha vumbi kipo? Inawekwa mahali pakavu? Unyevu huotesha ukungu juu ya lenzi, kama unavyouotesha juu ya mahindi yasiyokauka.

6. Na hili ndilo kubwa kuliko yote. Kama umeambiwa "hakuna vimelea," lakini homa inaendelea, RUDI. Usiseme, "Mganga amekwisha kusema." Mganga ni mtu, na hadubini ni chombo. Mtoto akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, akipata degedege, akilegea au akipoteza fahamu, rudi saa hiyo hiyo, hata usiku. Waambie waliopo, "Mpimeni tena." Hiyo si dharau. Ni haki yako.

Yule bibi alirudi. Hakuona aibu, na hakuniogopa. Ndiyo maana mjukuu wake yuko hai, na ndiyo maana taa ya zahanati yetu leo imesimama wima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya darubini na hadubini?
2. Lenzi ya jicho hukuza mara 10. Lenzi ya chini hukuza mara 40. Jumla ni mara ngapi?
3. Kwa nini kioo cha hadubini hakielekezwi kwenye jua?
4. Mwandishi alifanya makosa mangapi kabla ya kuandika "hakuna vimelea"? Yatajeni.
5. Zahanati yenu ina hadubini? Mwanga wake unatoka wapi? Mchagueni mtu mmoja akaulize, kisha alete majibu darasani.